Sahani ya Bwana Kamishna

Bwana Nthiwa alistaafu Desemba, lakini cheo chake, masikini, hakikupata habari. Alianza kama DO, afisa wa tarafa, kule Lodwar, akapanda hadi kamishna, akamaliza akiwa mkuu wa eneo zima. Katikati, serikali ilimpeleka Ufaransa kozi ya uongozi, na huko mkuu wa mkoa mmoja, Mfaransa mwenye kofia ya nyuzi za dhahabu, akamfunza siri ya kazi: mkubwa akifika mapema, watu humdhania dereva. Kuanzia hapo wananchi walikaushwa na jua kila baraza, naye akawashukuru kwa subira yao.

Kwenye ubatizo wa bintiye Mbithe alichelewa. Mahafali yake yaliisha yeye akiwa barabarani. Kwa hivyo siku wakwe wa Kathonzweni walipokuwa wanaleta nyumbani kwake Nuu mbuzi wa ntheo, ambao bila wao binti wa Kikamba hahesabiwi ameolewa, Mbithe alimwendea asubuhi.

"Baba, leo uwepo. Leo tu."

"Nitakosaje, na mimi niko nyumbani?"

Yale maneno ya bintiye yalimchoma, kusema kweli. Akaapa kwamba leo hatamwangusha mtoto. Akavaa khaki zake, akashika kifimbo, akajifungia chumbani angoje kuitwa. Mkubwa hajitokezi hivi hivi kama kuku. Huja askari, hupiga saluti, husema watu wametulia.

Akasikia mbuzi wakilia. Akasikia ndugu yake Kyule, mkulima wa pojo, akiwakaribisha wageni. Vizuri, Kyule awachangamshe kwanza. Akasikia mkewe, Kaveke, akiulizwa mzee yuko wapi.

"Anakuja," Kaveke akajibu, vile alivyozoea kujibu tangu aolewe. "Nyinyi endeleeni tu."

Wakaendelea. Mbuzi wakapokewa, nyama ikachomwa, pasta akaomba. Nthiwa akairudia hotuba yake, akanyoosha kola, akangoja askari ambaye serikali ilikuwa imempa mtu mwingine.

Alipochoka akatoka mwenyewe. Viti vilikuwa vitupu, na Kyule alikuwa akisindikiza wakwe wa mwisho barabarani. Mbithe akamletea sahani iliyofunikwa.

"Tulikuwekea, Baba," akasema bila hasira yoyote, jinsi alivyosema tangu akiwa mdogo.

Nthiwa aliona aibu. Hotuba ilikuwa mfukoni, kurasa tele, na ndani yake hamkuwa na neno la kumwambia mtoto. Akaketi, akala nyama baridi.