Ukuta wa Febronia

Asubuhi hiyo Ndizeye alikuwa amechuchumaa nyuma ya kanisa la udongo la kambi, akikanda mavi ya ng'ombe na majivu kwenye beseni lililomeguka mdomo. Mavi alipewa na Philbert, mkulima wa kijiji jirani cha Kasulo, ambaye zamani aliwafukuza wakimbizi shambani kwake kwa panga, mpaka akachoka.

"Baba Agripina," Priscila akamwita akipita na kuni kichwani, "kwetu ng'ambo ya mpaka wa Rusumo hiyo ni kazi ya wanawake. Au umeota matiti?"

"Ningeota, mtoto asingelia."

Priscila akaweka kuni zake sawa, akaenda zake.

Mapambo ya ukuta wa altare aliyaanza mkewe, Febronia: mistari ya mavi iliyoinuka kama matuta ya viazi, myeusi, myeupe na myekundu. Alifika nusu, uchungu ukamshika. Gari la kumpeleka hospitali Rulenge halikuwepo. Bwana Malongo, msimamizi wa kambi, alikuwa amelituma Biharamulo kuleta viti vya wageni. Viti vilifika salama. Febronia akazikwa, kichanga chake, Agripina, kikabaki, na maziwa ya unga zahanati yakawa ya kuulizia tu, si ya kupewa.

Katekista Anastazi alimkuta kazini, akafurahi. "Umerudi kwa Mungu, ndugu yangu."

"Sijarudi popote. Namaliza kazi ya mke wangu."

Lakini mikono ikishughulika, mdomo nao haukai bure. Alimtukana Malongo. Akamhoji Mungu siku ile alikuwa wapi. Na kwa kuwa aliyehojiwa hakuondoka, Ndizeye akazoea kuzungumza naye kila alipokanda.

Alipofunga mstari wa mwisho, ukuta ukapata joto, ukashusha pumzi kama ng'ombe aliyelala, na maziwa yakaanza kutiririka kwenye matuta. Ndizeye akakinga kikombe. Agripina akanywa, akacheua, akalala. Priscila akaja na sufuria, wenzake wakapanga foleni. Anastazi akasogeza mabenchi yasilowe.

Bwana Malongo naye akaja, akaonja kwa kidole.

"Mazuri," akasema. "Basi watoto wana maziwa, uji wao tunausitisha. Na dumu la kwanza kila asubuhi liletwe ofisini."

Likapelekwa. Maziwa hayakuchacha wala hayakugeuka damu. Ofisini waliyanywa na chai, wakanenepa.

Juma lililofuata Benedicta, jirani yao, alishikwa na uchungu. Ndizeye na Philbert walishika machela kuelekea Rulenge. Njiani wakapishana na gari la kambi likitoka Biharamulo, viti vimefungwa juu kwa kamba. Walipunga mikono. Dereva akapiga honi, akapita.

Jioni walirudi na mtoto tu.

Ndizeye akamkingia maziwa ukutani, akamnywesha kwa kijiko. Kisha akapiga magoti, mara ya kwanza tangu msiba, akasali Baba Yetu kwa sauti, neno kwa neno, mpaka penye kuwasamehe waliotukosea. Hapo akanyamaza.

"Malizia, ndugu yangu," Anastazi akamnong'oneza.

"Ananijua. Atanisubiri, kama Febronia alivyolisubiri gari."

Ukuta ukashusha pumzi. Mlangoni watu walikwisha kupanga vyombo vya kesho, na dumu la ofisi lilikuwa mbele.