Joking, Alisema Rubeni

…kumbe si kiapo, wala si amina, ni mzaha tu, Mwalimu Danieli amelirudia neno hilo mara mbili na kuliandika ubaoni kwa chaki, joking, yaani mtu kusema jambo asilolikusudia ili watu wacheke, na darasa zima la Kiingereza la watu wazima limecheka, Marta naye amecheka kwa kuwa wenzake wamecheka, mikono juu ya dawati, dawati la watoto linalombana magoti, na sasa Mwalimu anasema, “Haya, Mama Secilia, tutungie sentensi yenye neno hilo,” naye Marta anasimama, maana ukiitwa unasimama, lakini sentensi aliyo nayo ni moja tu, ya marehemu mumewe, ameitunza tangu mwaka wa Azimio la Arusha, na jamani, ameitunza vibaya… Rubeni alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Lushoto, kila Jumamosi alipanda mlima kurudi kijijini, Malindi ya huku milimani, na neno jipya mdomoni, kama wenzake walivyorudi na sukari, akivua viatu mlangoni anasema, “Mke wangu, nitakununulia kitenge cha hariri, joking,” na Marta akiuliza, “Ndiyo nini hiyo?” anajibiwa, “Ndiyo hivyo, umeshasikia,” basi yeye akajua ni neno la kufungia ahadi, kama mchungaji anavyofunga sala, na kitenge hakikuja, akasema moyoni mume wangu ana mambo mengi, amesahau… “Usiogope kukosea, mama,” Mwalimu anasema, kijana mpole, shikamoo yake haimpiti mtu, nje ukungu unapanda kutoka bondeni na mtu fulani anakohoa, na kikohozi hicho ndicho kinachomrudisha kitandani kwa Rubeni, kifua kilikuwa kimemwisha, blanketi lilipanda na kushuka, akamshika mkono akasema, “Marta, nikifa usiolewe, nitafufuka nikuchape,” akatabasamu, akakohoa, akasema tena, polepole, “joking, mke wangu, joking,” naye Marta akaitikia, “Nimesikia, Baba Secilia,” akilia, akiapa, loo, alikuwa anaapa peke yake! Kwa kiapo hicho alimjibu Hezekia mwaka jana, walikuwa wakipandisha matuta ya viazi kwenye shamba la kijiji, Hezekia yule mgane wa jirani, akasimamisha jembe na kusema, “Mama Secilia, mimi sina maneno mengi, nyumba yangu ina baridi,” na yeye akasema, “Nimefungwa, Hezekia, marehemu aliniapisha,” na mwanamume akainamisha kichwa, “Basi, kiapo ni kiapo,” akaendelea kulima, hakununa, hakuacha kumtengenezea kingo za matuta yake mvua ikizibomoa, na Jumapili hii dada yake anampeleka kijiji cha Mtae kuchumbia mwanamke, kijiji kizima kinajua… Hasira inampanda Marta, mbona hukuniambia maana yake, Rubeni, ungepungukiwa nini, sisi tuna utani wetu na unajulikana, mtani wa ukoo alitoka Bondei siku ya mazishi, akajilaza njiani mbele ya jeneza akapaza sauti, “Mvivu huyu, hata kaburini anataka abebwe!” na hakuna aliyechukia, tulicheka machozi yakitutoka, kwa sababu mtani unamjua kabla hajafumbua kinywa, lakini huu wa Kiingereza hauna mtani, mtu anasema kwanza, akiona uso wako umebadilika ndipo anatafuta pa kujificha… ila ngoja, ngoja kidogo, si Rubeni huyohuyo aliyesema, “Nitakuezekea nyumba kwa bati, joking,” na bati likaja, alilibeba kichwani kutoka barabara kuu, mkono umechanika unavuja damu, anacheka, basi Mwalimu naye hakuimaliza maana yake, neno hilo mdomoni kwa Rubeni halikuwa uongo, alilisema pale alipotamani jambo na kuogopa kulitamani, kitenge alikitamani akashindwa, bati alilitamani akaliweza, na usiolewe alilitamani pia, kwa nini asilitamani, alikuwa mtu, alimpenda, alisema lililokuwa moyoni kisha akaona uso wangu, akaona jinsi ninavyolipokea, ndipo akatumia pumzi yake iliyobaki kuniondolea mzigo, mara mbili alisema, mara mbili, na mimi nikajitwisha upya… anashika ukingo wa dawati, hasira imekwenda wapi, ilikuwepo sasa hivi, mahali pake kuna kitu kinachomtekenya kifuani karibu na kilio, na Mwalimu Danieli bado ameshika chaki, bado anamtazama, “Tunakusubiri, Mama Secilia,” na Marta anafikiri kwamba akitoka hapa hatakata kushoto kwenda kwake, atashuka kwa Hezekia kukiwa bado na mwanga, atapiga hodi, na maana ya neno hatamweleza, hayo ni yake na Rubeni, atamwambia tu kwamba Mtae ni mbali mno, na barabara yake ni mbovu.