Pumzi ya Silinda ya Kulia

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mke wangu Margareta husema hasira zangu huamka kabla yangu. Kwa hiyo Jumapili ile ya mwaka tisini na tatu, katekista aliponipa barua nje ya kanisa, sikumshukuru Mungu kwanza, nilimfokea katekista. Binti yangu Hilda alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, Moshi. Barua ilikaa wiki mbili kwenye sanduku la posta la parokia, na ndani waliandika wazi: afike Jumapili hiyohiyo kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Kwetu Rombo siku zile basi la Moshi liliondoka alfajiri, na sasa ilikuwa saa nne. Hilda alisimama na ile barua mkononi, machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameomba nafasi hiyo miaka mitatu mfululizo.

"Futa machozi," nikamwambia. "Pikipiki ipo."

Pikipiki yenyewe ilikuwa kongwe, ya silinda mbili na ekzosi mbili, niliyouziwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa imelala ghalani tangu masika. Nikaisukuma nje, nikachomoa majani ya mgomba niliyozibia ekzosi ili nyigu wasijenge mle, nikapiga kiki. Ikawaka, lakini inamisi. Inapiga, inanyamaza, inapiga tena kwa shida. Nilimpakia Hilda na sanduku lake la bati, hata kilima cha kwanza hatukukimaliza. Silinda moja ilikuwa haifanyi kazi, na kwa silinda moja watu wawili hawavuki milima ya kwetu.

Tukairudisha nyumbani. Nikafungua plagi, nikazipiga msasa, nikazibadilisha, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Hali ni ileile. Nikasafisha kabureta hadi kucha zikanuka petroli. Saa sita ikafika. Hapo ndipo nilipoanza kupiga kelele kwamba huu ni mkono wa Emilian, ametia mchanga kwenye tangi.

Emilian ni jirani yangu. Kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, na changu vinatenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea tunayopanda mipakani. Miaka mitatu nyuma nilidai ameusogeza mpaka. Wazee wakaja, wakapima, wakakuta masale yako palepale alipoyapanda babu yangu. Nilipaswa kuomba radhi. Sikuomba. Nikawakataza hata watoto wangu kumwamkia.

Margareta alikuja kutoka jikoni, akasimama mbele yangu.

"Emilian ana ufunguo wa ghala?"

Nikaendelea kufuta kabureta.

"Baba Hilda, yule mtu amekuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya miwa miaka kumi na sita. Nyumba yake ni ile pale. Kachume isale uende, au mwambie mtoto afungue sanduku arudishe nguo zake."

Kwetu Uchagani, anayekuja na jani la isale amekuja kuomba msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kumfukuza. Kwa hiyo aibu yote ni ya mwenye kulibeba. Nililichuma kwenye mpaka uleule niliougombania, nikalishika kwa mikono miwili. Nilimkuta Emilian analisha mbuzi.

"Nilikukosea kuhusu mpaka," nikasema. "Na leo nimekukosea tena."

"Ya leo nimeisikia," akasema. "Sauti yako, Sirili, haihitaji spika."

Akalipokea jani, akaliweka juu ya dirisha, akanawa mikono. Hakuniuliza kingine zaidi ya shida ya pikipiki.

Alipoingia uani, Hilda alinitazama kwanza mimi, kisha akasema, "Shikamoo, baba." Emilian akaitikia marahaba taratibu. Akaiwasha pikipiki, akachovya vidole kwenye maji na kudondoshea ekzosi zote mbili pale zinapotoka kwenye injini. Kushoto maji yalichemka yakakauka. Kulia yalitulia tu.

"Iliyokufa ni hii," akasema. Akafungua plagi ya kulia, ikatoka imelowa petroli. Akaigusisha kwenye chuma, nikapiga kiki, cheche ikaruka ya buluu. "Moto upo, mafuta yapo. Sasa tuone kama inapumua."

Akairudisha plagi, tukawasha tena, akaweka kiganja nyuma ya ekzosi. Ya kushoto ilimsukuma mkono. Ya kulia, hakuna kitu. Akaomba waya, akaupinda ncha, akauingiza ndani na kuvuta. Likatoka jani la mgomba. Akavuta tena, likatoka jingine, limelowa, limeshikamana kama kizibo cha mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Ni mimi. Kabla ya masika niliziba ekzosi zote mbili, na ile ya kulia nikaishindilia kwa mpini wa jembe. Asubuhi nilichomoa ya kushoto, ya kulia nikaisahau kwa haraka na hasira. Nilisubiri Emilian anicheke mbele ya mke na mwanangu. Alikung'uta waya, akasema, "Nyigu kweli hawakuingia. Haya, washa." Injini ikanguruma kwa silinda zote mbili. Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia, na asante ikanitoka mara nyingi mno kwa mtu kama mimi.

Tulifika Moshi saa kumi na moja na nusu, tumekuwa vumbi tupu. Mama wa ofisini alikuwa ameshashika kalamu juu ya orodha, tayari kulikata jina la Hilda. Akampa Hilda fomu. Baba: akaandika Sirili. Chini yake palitakiwa jina la ndugu mwingine wa kupewa taarifa ikiwa baba hapatikani. Kalamu ikasimama. Ndugu zangu wa damu nimeshagombana nao wote, na mtoto alilijua hilo.

"Andika Emilian," nikamwambia.

"Uhusiano?" akauliza yule mama.

Hilda akanitazama, anangoja.

"Baba mdogo," nikasema, na Hilda akaandika.