Maji ya Mgeni

Kijiji chetu kilikosa kisima kwa sababu yangu mimi, Maximiliana, mwanamke niliyejiona msafi kuliko wote upande huu wa Kasoli. Nimechelewa sana kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka ulikuwa 1997. Soko huria lilikuwa limeingia, malori ya wanunuzi wa pamba yanapishana barabarani, na dawa ya wadudu, ambayo zamani tulipewa na ushirika, sasa tuliinunua gulioni ndani ya chupa za soda zisizo na maandishi. Tulinyunyiza tu. Mvua ikinyesha, yote iliteremka kwenye lambo, bwawa letu la kijiji, na humo ndimo tulimokunywa sisi na ng'ombe wetu.

Basi akaja kijana wa utafiti kutoka Mwanza, Boniventura, na pikipiki yake na sanduku la barafu. Alitaka mtu wa kumtekea maji ya lambo mara moja kwa mwezi, miezi mitatu, saa ng'ombe wakishakunywa, maana yeye alikuwa na vijiji kumi na vinne vya kuzungukia. Mwenyekiti wetu, mzee Jilala, akanitaja mimi. "Huyu vyombo vyake vinang'aa," alisema. Nikavimba kichwa hapo hapo.

Boniventura akanikabidhi chupa tatu za plastiki nyeupe, nzito, zisizoonyesha kilichomo. "Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "usichuje, usiongeze kitu. Nayataka yalivyo."

Mwezi wa kwanza nilikwenda lamboni kweli, naapa. Nilisimama ukingoni na chupa mkononi nikayatazama maji: rangi ya chai ya maziwa, mavi ya ng'ombe yanaelea, juu yake povu lenye harufu ya dawa. Nikawaza wataalamu wa Mwanza na makoti yao meupe wakifungua chupa yenye jina langu. Watasema, kumbe hivi ndivyo anavyoishi Maximiliana! Aibu ilinishika, nikarudi nyumbani na chupa tupu.

Ndani nilikuwa na mtungi wa maji ya wageni. Maji hayo niliyafuata mtoni, mwendo wa saa mbili, nikichimba mchanga mpaka yatoke meupe. Sisi wenyewe hatukuyagusa. Aliyanywa mama mkwe, na mgeni akija. Nikajaza chupa kutoka mtungi ule. Mtu kaja kwangu kaomba maji, nampaje matope? Ndivyo nilivyojidanganya, na mwezi wa pili na wa tatu nikajidanganya tena bila hata kwenda lamboni.

Hakuna aliyetuambia kwamba kijiji chenye maji mabaya zaidi kitachimbiwa kisima kirefu. Wangetuambia, tungeyachafua kusudi, siwalaumu. Tulijua siku ya majibu, mbele ya ofisi ya kijiji. Boniventura alisoma karatasi yake: maji ya lambo letu hayana tatizo. Kisima kinakwenda kijiji cha ng'ambo ya mto.

Watu wakapiga kelele. Jirani yangu Generoza, ambaye mgongoni alikuwa na mtoto aliyeharisha wiki nzima, alimfuata kijana hadi usoni. "Umekula nini huko ng'ambo? Mbuzi?" Wengine wakamwita mwizi. Mzee Jilala akasema atamwandikia mkubwa wake barua ili afukuzwe kazi.

"Nilipima nilicholetewa," Boniventura alikuwa akirudia, na macho yake yalikuwa kwangu, akisubiri nimtetee.

Ningeweza kunyamaza. Yeye angeondoka na pikipiki yake na jina baya, mimi ningebaki na vyombo vyangu vinavyong'aa. Nikajifanya nafunga khanga yangu upya. Kisha mtoto wa Generoza akalia, kilio kikavu kisicho na nguvu, nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema. "Lamboni sikuteka. Nilimpa maji ya mgeni."

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Generoza alinitazama tu, akamvuta mtoto mbele, akamlaza kifuani.

Boniventura alitoa chupa tupu sandukuni. Nikatangulia lamboni, kijiji kizima nyuma yangu, nikateka yalivyo, na mavi yake. Nikapiga magoti nikampa kwa mikono miwili, nimeinamisha uso. Aliandika tarehe kwenye chupa. "Nitaipeleka, mayu. Lakini mashine ya kuchimba imeshakwenda ng'ambo."

Haikurudi kwetu. Ikabidi tuvuke mto kufuata maji ya wenzetu. Siku ya kwanza nilijipanga mwisho kabisa wa foleni, nimeshusha kilemba hadi kwenye nyusi. Mama mmoja wa pale, asiyenijua, aliona miguu yangu ilivyojaa vumbi.

"Mpisheni huyo," akawaambia wenzake, "ni mgeni."

Wakasogeza ndoo zao wote. Alinipampia mwenyewe, akajaza ndoo yangu hadi ukingoni, maji meupe. Nikapiga magoti, nikashukuru. Generoza alikuwa amefika nyuma yangu na ndoo yake, anasikia.