Pindo la Jicho

Trrrr, trrrr. Cherehani ya mdogo wake ilimfikia dada mkubwa kabla hajafika mlangoni. Ilikuwa inakimbia, na kila mshono ulimchoma yeye. Alikuwa anatoka hospitali, jicho la kulia limefungwa bandeji, limekufa. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ilikuwa imebanduka, na upasuaji haukuiokoa.

"Karibu, Chongo," mdogo mtu alisema bila kuinua kichwa. "Wateja wako nimewachukua wote. Wewe kaa pale ushone vifungo."

"Asante, mdogo wangu. Mungu akuzidishie."

"Ameshazidisha, huoni? Ah, nimesahau."

Wanawake wawili waliokuja kupima magauni wakaangua kicheko. Dada mkubwa akacheka nao, akaketi.

Pochini mwake mlikuwa na kadi ya miadi ya mdogo wake. Daktari alikuwa amemwambia: "Umesema miwani yenu ni minene sawasawa, na ugonjwa huu hutembea kwenye damu ya ukoo. Mlete. Nikikuta utando wake umechakaa au una tundu, nitauchoma kuzunguka pale kwa mwanga wa leza. Ni kama kushona pindo, kitambaa kisifumuke. Dakika chache tu, anarudi nyumbani. Na akiona vimweko vya mwanga, msichelewe hata siku moja."

Alikuwa amenuia kuitoa kadi mara tu atakapoingia. Sasa akaisukuma chini kabisa ya pochi.

Wiki ya tatu cherehani ilinyamaza ghafla.

"Dada, naona vimweko. Hapa pembeni, kama radi. Na masizi yanaelea."

Dada mkubwa aliikumbuka kadi. Neno moja tu lingetosha.

"Sindano inamulikwa na jua," alisema, akikata uzi kwa meno. "Geuza meza."

Mdogo mtu akageuza meza. Nani angejua zaidi kuliko aliyeugua?

Siku nne baadaye kivuli kilimshukia jicho la kushoto, akashona kidole chake mwenyewe. Majirani walimkimbiza hospitali. Dada akafuata nyuma.

Daktari alipima, akashusha pumzi. "Kwa la kushoto leza haitoshi tena. Maji yamepita nyuma ya utando. Ni upasuaji, na siahidi kitu. La kulia lina tundu moja. Hilo nalizungushia leza leo hii." Akamgeukia dada mkubwa. "Si nilikupa kadi yake? Si nilikutajia hata vimweko?"

Mdogo mtu aligeuza kichwa chote, maana nusu ya chumba ilikuwa giza, mpaka akampata.

"Ulijua?"

"Ulinicheka mbele za watu."

"Nilikucheka." Akaweka kidevu kwenye mashine. "Choma vizuri, daktari, nalihitaji hili." Kisha, bila kupepesa: "Na wewe dada, sikufukuzi. Naapa mbele ya daktari: utakaa mbele yangu kila siku ya Mungu, na jicho hili halitakuacha mpaka mmoja wetu azikwe."