Mgonjwa wa Chumba cha Eda

Wanawake hawakuingia dispensari ya Bondeni kwa mlango wa mbele. Walisimama uchochoroni, penye dirisha dogo lenye pazia la kaniki, wakaeleza maradhi yao kwa sauti ya chini. Ndani aliketi Kasam, karani, aliyepanga nani aonwe lini na daktari aende nyumba ipi.

"Sabalkheri, bibi. Umerudi tena."

"Nimerudi, mwanangu," alisema Bimdogo. "Kichomi cha binti yangu kimezidi. Leo yuakohoa damu."

"Mlete."

"N'shakwambia, yuko eda. Mumewe aliangukiwa na shehena Kilindini. Hatoki nje mpaka eda iishe."

"Basi mwenye nyumba aje aombe, daktari amfuate." Kasam hakusema kwa ukali. "Haendi kwa mwanamke mpaka aitwe na mwanamume wake. Huko kwenu Kuze alishatolewa kwa bakora, watu wakitazama."

"Mwanamume wake ndiye huyo tuliyemzika."

Mwanamke mmoja kwenye foleni alicheka, kisha akajiziba mdomo.

"Ana shemeji," alisema Kasam. "Anayefuata!"

Sheikhan, kaka wa marehemu na mwenye nyumba, alikuwa barazani na kikombe cha kahawa. Alimsikiliza Bimdogo mpaka mwisho.

"Mamangu, mwanamume asiye maharimu aingie chumba cha eda? Kuze hii nitapita wapi?"

"Mwalimu Jamaldin wa madrasa asema dharura huruhusu."

"Mwalimu Jamaldin hana mjane nyumbani kwake. Mpe asali na habasoda."

Mwanakhamis, binti wa Bimdogo, alikaa chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa gunia. Sauti ya mjane haikutakiwa isikike njiani, kwa hiyo alipotaka maji aligonga ukuta kwa kidole, ko, ko, na mama yake, aliyekaa chumba cha pili, akamletea kata. Siku ile aligonga tangu asubuhi. Maji hakuyanywa.

Alasiri Bimdogo alimvika buibui, akamwinua.

"Twende. Dhambi niandikiwe mimi."

Walifika ukumbini. Sheikhan alivuta kiti chake mpaka kikaziba mlango, akaketi.

Alfajiri ukuta ulikuwa kimya.

Kaburi halikuruhusiwa kuchimbwa bila cheti cha daktari. Sheikhan alikwenda Bondeni mwenyewe, akaingia kwa mlango wa mbele, na kabla ya adhuhuri daktari alifika, Kasam nyuma yake amebeba mkoba. Wanawake waliambiwa watoke. Sheikhan ndiye aliyewainulia wageni pazia la chumba cha eda.

Kutoka chumba cha pili Bimdogo alisikia kila neno.

"Aliumwa tangu lini?"

"Ghafla tu, daktari. Kudra ya Mungu."

Bimdogo alingoja Kasam aseme. Alisikia bizimu ya mkoba ikifungwa.

Kisha ukutani, usawa wa kichwa chake: ko, ko.

Huenda ulikuwa mkoba. Huenda ulikuwa mguu wa kitanda. Bimdogo alikwishainuka, amechota maji mtungini, amefika penye pazia, kata mkononi.

Sheikhan alitoa mkono akamzuia.

"Ngoja, mamangu," alinong'ona. "Mna wanaume humu."