Moto Ulioitwa Dharura

Mama mkwe wangu, Omotekoro, hakuwahi kumchapa mtoto. Hakuwa na haja. Asubuhi mtoto wa Kiurhobo hupiga goti mbele ya mkubwa wake na kusema, "Migwo," na mkubwa humjibu, "Vrendo," yaani inuka, ndipo mtoto anyanyuke. Mama akikukasirikia hajibu. Anaendelea kumenya muhogo wake, nawe uko chini, goti limekufa ganzi, mpaka useme kweli. Shemeji yangu Mudiaga, kitinda mimba wake, aliwahi kula kichwa cha samaki wa baba yake akamsingizia paka. Alikaa magotini mpaka jua likapanda, akilia na kuapa, na Mama akimuuliza neno moja tu: "Nani kala samaki?" Mwisho akasema, "Ni mimi, Mama." Hapo hapo akainuliwa, akapewa na mkia wa yule samaki. Kisa hicho tulikuwa tukikicheka kila Krismasi. Siku hizi hatukicheki.

Hapa Ekrogba, kijijini kwetu, tuna moto wa Kampuni. Uko nyuma ya shule, kwenye mdomo wa bomba refu, na unaunguruma usiku na mchana tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Wao wa Kampuni wanataka mafuta. Gesi inayotoka pamoja nayo wanaiona usumbufu, wanaichoma. Gesi hiyo ingewasha taa kila nyumba kutoka hapa mpaka Ughelli, lakini sisi tunapikia kuni na kusomea kibatari. Mabati yetu yanatoboka kabla hayajazeeka. Maji ya mvua tunayakinga, tunayatazama, tunayamwaga.

Wanawake tuliufanyia moto ule kile unachomfanyia mgeni mbaya asiyetaka kuaga: tuliupa kazi. Kila mmoja alikuwa na mahali pake pa kutandaza kpokpo, ule muhogo mgumu tunaouza mpaka Warri. Mahali pale alirithi kwa mama mkwe wake. Joto linakausha vizuri kuliko jua, hata masika. Wazungu wa mazingira walikuja kutupiga picha, wakasikitika, wakaondoka. Tulijua ni sumu. Lakini tumbo nalo lina madai yake.

Kisha nikamzaa Ufuoma. Jina hilo maana yake ni raha na uzima, nami ndiye niliyelichagua, nikijitakia mema. Tangu atambae, kifua chake kinapiga miluzi. Daktari wa Ughelli alinitazama akasema, "Mama, ama umwondoe mtoto kwenye moshi, ama uuondoe moshi." Nimpeleke wapi? Baba yake anachomelea vyuma Warri, na analala hapo hapo karakanani.

Ndiyo maana Mudiaga alipokuja na habari ya sheria mpya nilimkumbatia mbele za watu. Alikuwa ameshaajiriwa na Kampuni, afisa wa mambo ya jamii, shati limepigwa pasi hata ukikohoa unaogopa kulikunja. Alituita wanawake wote uwanjani kwa Mama.

"Sheria imepita Abuja," akasema. "Kuchoma gesi kila siku sasa ni kosa. Moto unazimwa."

"Unazimwa kweli, au unazimwa kwa mdomo?" akauliza Onajite, jirani yangu, ambaye mahali pake palikuwa pazuri kuliko petu sote.

"Kweli, mama yangu. Ila sharti mwondoke pale, wajenge uzio."

"Na kpokpo yangu nitaikaushia mgongoni kwako?"

Watu wakacheka. Mudiaga naye akacheka. Akasema gesi itapitishwa kwenye bomba, itawasha taa zetu, na itaendesha nyumba ya kukaushia muhogo, safi, yenye sakafu ya saruji. Onajite akabetua midomo. Wengine wakaanza kunung'unika kwamba ahadi wamezishiba, na hapo Mama akamwita Ufuoma, akampakata, akasema, "Nyamazeni. Sikilizeni kifua hiki."

Tukanyamaza. Hata moto ukinguruma kule nyuma, kifua cha mtoto kilisikika.

"Sasa aseme anayetaka moto ubaki," Mama akasema.

Hakusema mtu. Kesho yake tulikusanya mikeka na magunia yetu, na Onajite alikuwa wa kwanza, akilia na kutukana njia nzima. Nataka hilo lijulikane. Wanaosema watu wa vijijini hawajali mazingira waje wamuulize Onajite alitoa nini.

Siku ya kuzima walikuja wakubwa, na mahema, na ngoma, na mtu wa televisheni. Moto ukashuka, ukawa kama ulimi wa mbuzi, ukafa. Kimya kilichoingia Ekrogba kiliwatisha wazee. Tuligundua kwamba tumekuwa tukipiga kelele maisha yetu yote ili tusikilizane, tukaanza kunong'ona na kuchekana. Ufuoma alilala mpaka asubuhi bila mluzi hata mmoja, nami nikakaa kando yake nikimwangalia, nikiogopa hata kugeuka.

Wakubwa wakaondoka. Mahema hayajaisha kung'olewa, moto ukawashwa tena.

"Ni dharura," Mudiaga akatuambia. "Pampu imegoma. Kidogo tu."

Dharura hiyo ilimaliza kiangazi. Ikaingia masika. Tukaamua kurudi na mikeka yetu, maana kama tutavuta moshi basi heri tuuze na muhogo. Langoni kwenye uzio tulikuta mlinzi na kibao kipya: HIFADHI YA MAZINGIRA. NI MARUFUKU KUKAUSHA CHAKULA. Nilikisoma kibao kile nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha kicheko kikaisha yakabaki machozi. Moto uko ndani unaunguruma, umelindwa vizuri, na aliyekatazwa kuharibu mazingira ni mimi na ungo wangu! Ile nyumba ya kukaushia ilikuwa imekwama kwenye linta, juu ya milango, haina paa. Mbuzi wa Onajite walihamia humo, na wao peke yao ndio waliofaidi saruji.

Jumapili moja Mudiaga akaja kula kwa mama yake. Nilimwekea usi, ule ugali wetu wa wanga wa muhogo, na mchuzi wa mawese. Alikula vizuri, akanawa, ndipo akatoa lililomleta.

"Mama, Alhamisi wakaguzi wanakuja kutoka Abuja. Watataka kusikia neno la mwanamke mkubwa wa kijiji. Wewe sema tu kwamba moto umewashwa asubuhi hiyo, kwa dharura."

"Dharura gani hiyo, inamzidi umri kaka yako?" nikamuuliza.

"Shemeji, usianze. Ni neno tu. Sheria inakataza kuchoma kila siku. Dharura haikatazwi."

"Na wakaguzi wakijua si dharura?"

Namjua Mudiaga, anapotafuta uongo hugusa sikio. Mara ile hakuligusa. "Wataamuru uzimwe mpaka Kampuni ijenge mtambo wa kukamata gesi. Mwaka, miaka miwili, visima vya mafuta vimelala. Unajua ni watu wangapi watafukuzwa? Mimi wa kwanza."

"Kwa hiyo ukisema kweli, moto unazimwa," nikasema. "Umetamka mwenyewe, kwa mdomo wako, na mafuta ya mchuzi wangu bado yako mdomoni."

"Shemeji!"

"Nenda chumbani kamsikilize mtoto wa kaka yako, kisha urudi uniambie ni neno tu."

Hakwenda. Mama aliendelea kumenya muhogo. Akasema, "Walete. Nitakaa pale kwenye uzio niwangoje." Mudiaga akafurahi, masikini, akamshukuru. Mimi nikamkasirikia Mama, nikaosha vyombo kwa kuvigonganisha.

Alhamisi mawingu yalikuwa mazito, mvua haijaamua. Mama alivaa kitenge chake cha harusi na shanga nyekundu za marijani, akanituma nimpelekee kiti. Akakiweka mwenyewe, akakigeuza, akakigeuza tena, mpaka akawa ameuelekea moto. Sikuelewa. Wanawake walikuja wote, nami nilisimama nyuma yake na Ufuoma mgongoni.

Mkuu wa wakaguzi alikuwa mama wa kaskazini, wakimwita Hajiya Rakiya, mwenye ushungi na buti za mpira. Alikuja na vijana wake na injinia wa Kampuni, na mbele yao Mudiaga, ndiye mwenyeji na ndiye mkalimani. Ndiyo, mkalimani! Maneno ya kijiji yalipangwa yapite mdomoni mwa mtu wa Kampuni, na hakuna aliyeona ajabu.

Mudiaga akafanya lile ambalo mtoto yeyote wa kwetu angefanya mbele ya mama yake. Akapiga goti. "Migwo, Mama."

Mama hakujibu.

Akatabasamu, akidhani hakusikika kwa ngurumo. Akapaza sauti. "Migwo!"

Mama alikuwa akitazama moto, juu ya kichwa chake. Ndipo nikaelewa kile kiti. Aliyepiga goti mbele yake moto ulikuwa mgongoni, na pale, kati ya kiti na uzio, huwezi kusimama muda mrefu, seuze kukaa magotini. Lile shati la pasi likaanza kulowa.

"Mbona hainuki?" Hajiya akauliza kwa Kiingereza.

Mkalimani alikuwa na shughuli, kwa hiyo nilimjibu mimi. "Hajaambiwa ainuke, Hajiya. Kwetu hunyanyuki mpaka mkubwa aseme."

"Na mkubwa anangoja nini?"

"Anangoja kweli."

Injinia akainama. "Bwana, simama, tunachelewa." Mudiaga akatikisa kichwa. Jasho lilimdondoka puani.

Mama akasema, "Mwanangu, ni nini kinakuchoma mgongoni?"

"Mama, tafadhali, mbele ya wageni."

"Ni jua?"

"Jua la wapi leo!" Onajite akadakia, wanawake wakaangua kicheko. Mimi nikamtafsiria Hajiya kila neno, haraka haraka, kabla hawajanizuia. Hajiya hakucheka. Alikuwa amekinga uso kwa kiganja, maana hata yeye ulimchoma.

Mama akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa mwanawe. Sauti yake ikawa laini. "Mudiaga. Nani kala samaki?"

Hilo hata wakaguzi wasingelielewa kwa tafsiri, nami sikulitafsiri. Lilikuwa letu. Nilimwona shemeji yangu akirudi kuwa mtoto mbele ya macho yangu. Midomo ikamcheza, macho yakajaa. Ufuoma akakohoa mgongoni kwangu, kile kikohozi kirefu kisichopata mwisho, na Mudiaga akamtazama. Nikasema moyoni, anasema sasa. Haki ya Mungu nilikuwa tayari kumsamehe yote, na kibao, na mbuzi.

"Ni dharura," akasema kwa Kiingereza, akiitazama ardhi. "Moto umewashwa leo asubuhi."

Kisha akaweka kiganja chini, akajisukuma, akasimama.

Jina alilopewa na mama yake maana yake ni simama imara. Basi alisimama. Onajite akapiga ukelele, akaweka mikono kichwani kama aliyepata msiba. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mtu akiinuka bila kuinuliwa, na mbele ya mama aliyemzaa. Wanawake waliokuwa karibu naye walirudi nyuma.

"Sikukuinua," Mama akamwambia. Hakupaza sauti. "Nenda utakako. Lakini mimi sikukuinua."

Nikapiga kelele mimi. Nikamwambia Hajiya kwamba moto huu unawaka kila siku ya Mungu, kwamba ulizimwa siku ya televisheni tu, asikilize kifua cha mtoto huyu. Nikamgeuza Ufuoma, nikamsogezea. Injinia akasema, kwa adabu kabisa, kwamba mimi si msemaji wa kijiji, na kwamba msemaji ameshasema, kwa mdomo wa mkalimani wake. Hajiya alimtazama mtoto muda mrefu. Akamgusa shavu. Akasema, "Tumesikia pande zote," akapanda gari.

Pande zote! Upande mmoja una kifua, upande mwingine una neno, na mtu aliyesoma anaziita pande.

Redio ilitangaza baadaye kwamba eneo letu limeacha kuchoma gesi kila siku, na kwamba yanayoonekana ni matukio ya dharura yanayoshughulikiwa. Tulisikiliza hapo hapo uwanjani, tukiwa tumekingwa upande mmoja na ukuta na upande mwingine tukichomwa. Tangu siku hiyo Ekrogba yote imebadili jina la moto. Utasikia mtu anamwambia mwenzake, "Usianike nguo upande wa dharura, zitanuka." Watoto wanaozaliwa sasa nadhani hawatajua jina jingine.

Mudiaga alipandishwa cheo. Krismasi alikuja kwa gari jipya, na gunia la mchele begani mwa dereva. Tulikuwa jikoni, Mama anamenya muhogo, mimi nakuna. Mudiaga akavua viatu mlangoni, akapiga goti kwenye vumbi na suruali yake nzuri.

"Migwo, Mama."

Mama akamenya muhogo mzima ukaisha, akachukua mwingine.

"Unapiga goti la nini?" akamuuliza. "La kule kwenye uzio hujainuka bado."

Alikaa pale. Sijui kama alilia, sikumtazama. Nilikuwa nimeshaamua kutomtazama. Chumbani Ufuoma alianza kukohoa. Mama akanyoosha kisu kuelekea mlangoni.

"Mwambie shemeji yako aondoke na mchele wake," akasema. "Kisha ufunge dirisha la upande wa dharura, mtoto apate kulala."